Kila Chupa ni Kilo Moja

Siku ya Mizani, saa moja asubuhi, Kiangi alinyanyua chuma cha kilo themanini mara moja tu, akakishusha, kisha akaenda kwenye pipa la maji akanywa vikombe sita mfululizo. Nakiete alivihesabu. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu kila kilichofanyika ndani ya ile jimu, na kikombe cha sita kilimkaa vibaya.

“Shemeji, siku hizi umekuwa ngamia?”

“Ngamia ana nundu, shem. Mimi yangu nimeshaimaliza.” Kiangi akajipiga tumboni. Tumbo lilikuwa limekwisha kweli. Mkanda wa suruali aliutoboa matundu mapya matatu kwa msumari, na bado suruali ilimning’inia kama imeanikwa.

Wenzake wakacheka. Mzee Mbwambo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi anavua viatu, akasema kijana huyu akiendelea hivi mkewe atamtafuta kitandani kwa tochi.

Jimu yenyewe ilikuwa uwanja wa nyuma wa ghala la zamani la mkonge, pale Same, mlima umewasimamia mgongoni na vumbi limewalalia mbele. Vyuma vyao havikutoka kiwandani. Elinami, mchomelea vyuma, alikata mabomba ya maji, akamimina saruji kwenye makopo ya rangi, kopo dogo kilo tano, kopo kubwa kilo ishirini, na kila kopo likaandikwa uzito wake kwa chokaa. Watu saba walinyanyua hapo kila asubuhi. Wote saba walikuwa na kisukari, na kila mmoja alikuwa na kongosho la plastiki limeshonwa chini ya ngozi ya tumbo, linapima damu na kutoa insulini lenyewe, tone kwa tone, kutoka kwenye mrija mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Mrija ulidumu miezi mitatu. Mrija mwingine ulitoka kwa Mamlaka ya Mizani, na Mamlaka haikuutoa bure. Iliutoa kwa kilo.

Kabla ya kushika chuma walikuwa na utaratibu wao. Kila mtu alisoma kwa sauti namba iliyo kwenye saa yake ya mkononi, wenzake wakasikia. Mwenye namba ndogo alipewa kipande cha sukari guru kutoka kwenye kopo la Nakiete, akakaa chini mpaka ipande. Halafu walivua viatu, kila mmoja akakagua nyayo za jirani yake, maana mguu uliokufa ganzi haumwambii mwenyewe kuwa umekanyaga mwiba. Nakiete ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na kwa miaka kumi na miwili vyuma vilikuwa vimemrudishia miguu, usingizi na heshima. Aliamini vyuma. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu wa Mamlaka walikuja kuichukua imani hiyo hiyo wakaifanya kamba.

“Leo umeshika chuma kabla ya kusoma namba. Haya, namba yako, shemeji,” alisema.

“Saa yangu imekufa, si nilikwambia? Tangu wiki iliyopita.”

“Basi lete mguu.”

Kiangi akakaa, akanyoosha mguu. Nakiete akauinamia. Unyayo ulikuwa salama, ila ngozi ilikuwa kavu, imekunjamana kama ya mtu aliyelala siku mbili juani. Na alipoinua uso, pumzi ya Kiangi ikampiga. Ilinukia ndizi zilizoiva mpaka zikapasuka. Tena ilikuwa inakuja haraka, ya ndani, kama ya mtu aliyepanda mlima, na mtu mwenyewe amekaa kwenye benchi.

Alikuwa ameisikia harufu hiyo mara moja tu maishani, kwenye kitanda cha mama yake.

“Inua shati.”

“Shem, mbele za watu?”

“Nimesema inua shati.”

Kiangi hakuinua. Nakiete akalishika mwenyewe akalipandisha. Upande wa kushoto wa tumbo, juu kabisa ya uvimbe mdogo wa kongosho, kulikuwa na sumaku ya spika, duara jeusi, limebandikwa kwa plasta za hospitali zilizoanza kuchafuka kingo.

Pale uwanjani hakuna aliyecheka tena.

*

Kila mwenye kongosho anajua habari ya sumaku. Anaambiwa siku ya kushonwa: usilalie spika, usibebe sumaku kifuani, kongosho litalala na halitakuamsha. Kiangi alilisikia hilo akaliweka akilini kama mtu anavyoweka kisu.

“Siku ngapi?” Nakiete aliuliza.

“Tisa. Nailegeza kidogo usiku, halafu naibana.”

“Kwa nini?”

“Unaniuliza mimi? Nenda ukasome ule ubao wako.”

Ubao ulikuwa ukutani na ulikuwa wa Nakiete kweli, kwa mwandiko wake. Kundi la Kumi na Tisa. Watu saba, kila mtu kilo tatu, jumla kilo ishirini na moja zipungue kabla ya Mizani. Elinami na wenzake watatu walikuwa wamepunguza kumi. Nakiete moja, kwa kuwa mwilini mwake kulikuwa kumebaki misuli tu. Mzee Mbwambo sifuri. Kiangi kumi na moja. Jumla ishirini na mbili. Na pembeni ya kumi na moja, Nakiete mwenyewe, kwa chaki nyekundu, alikuwa ameandika: SIMBA.

Alikuwa amempigia makofi. Wiki nzima alimpigia makofi.

Dawa ikikaa kimya mwilini mwa mtu kama Kiangi, sukari inajaa kwenye damu na haipati mlango wa kuingia kwenye nyama. Mwili unaona njaa katikati ya shibe. Unaanza kujila, unachoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ni asidi inayobaki kwenye damu. Mtu anakonda kwa kasi ambayo hakuna mazoezi yanayoweza kuifikia. Halafu anakufa. Wako wengine ambao makongosho yao ya kuzaliwa bado yana uhai, ambao vyuma na kupunguza mwili huwasaidia sana, na Nakiete alikuwa mmoja wao. Kongosho la Kiangi lilikufa akiwa na miaka minane, mwembamba kama fimbo, kwa kosa ambalo hakulifanya. Waliotunga Sheria ya Mizani walikuwa na wataalamu wa kuwaeleza tofauti hiyo. Walielezwa. Waliandika sheria moja kwa wote kwa sababu sheria moja ni rahisi kupima.

Na Mzee Mbwambo, mwenye miaka sabini na mitatu, anayeweza kuhesabiwa mbavu akiwa amevaa shati, naye alidaiwa kilo tatu za mafuta.

Nakiete akaibandua sumaku. Plasta zilitoka na vinyweleo. Saa ya mkononi ya Kiangi ikawaka, ikafikiri, na badala ya namba ikaandika neno JUU.

“Elinami, kimbia zahanati. Mwambie Nanzighe aje na maji ya mshipani. Mwambie mumewe ana asidi.”

*

Nanzighe, muuguzi wa zahanati, mdogo wake Nakiete na mke wa Kiangi, alifika kwa pikipiki na mfuko wa nailoni umejaa chupa. Hakulia. Alimtazama mumewe machoni, akamtoboa kidole, akasoma kipimo, akamwambia kwa sauti ya chini maneno ambayo hayakuwahusu wengine. Kisha akatafuta mshipa mara tatu kabla ya kuupata.

“Gari la hospitali?” Nakiete aliuliza.

“Limekwenda Hedaru na mama mjamzito. Wamesema saa nane. Dada, hawezi kufika saa nane bila maji. Kongosho litatoa dawa sasa, lakini dawa bila maji haitoshi. Anahitaji chupa tatu kabla ya saa nne. Zaidi, kama mshipa utakubali.”

“Lita ngapi?”

“Kila chupa lita moja.”

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Gari la Mizani lilikuwa linaingia saa nne, na mizani haijui mafuta wala haijui maji, inajua uzito. Chupa ya kwanza ingewafikisha ishirini na moja kamili. Ya pili ingewatupa chini ya mstari. Na kundi lililo chini ya mstari, wote, hupewa nusu mrija.

Elinami ndiye aliyelisema, akimwelekea Nakiete, kichwa amekiinamisha. “Mwalimu, mimi sisemi tumwache. Nasema hiyo ya pili, ingesubiri apimwe kwanza. Akishuka tu kwenye mizani, Nanzighe anamtundikia hata kumi.”

“Hayo ni masaa mawili na nusu,” alisema Nanzighe.

“Nusu mrija kwa miezi mitatu mizima, dada yangu. Mwaka juzi Kundi la Nane walipewa nusu. Wako wangapi leo?”

“Subirini,” Kiangi alisema. Alikuwa amelazwa kwenye benchi la kunyanyulia, macho ameyafumba, pumzi inamvuta mbavu. “Elinami ana akili leo. Imekuwaje sijui. Nitasubiri. Hizi siku tisa nimezikaa, nishindwe masaa mawili?”

“Wewe nyamaza,” alisema Nanzighe.

“Nanzighe, yule mzee apunguze nini? Apunguze mfupa? Mtu alipaswa kumbebea kilo zake. Tulisema tutabebana. Hamkusema? Shem, si wewe uliyesema?”

Ni yeye. Miaka tisa iliyopita, Mamlaka ilipokuja mara ya kwanza na mahema meupe na soda, ilikuja na sharti la kumpima kila mtu peke yake. Nakiete akasimama katikati ya mkutano, mbele ya watu mia nne, akasema Wapare hawapimwi mmoja mmoja. Akasema hapa tulichimba mifereji kwa msaragambo, tukajenga shule kwa msaragambo, pembe ikilia kila mtu anaacha shamba lake na kuja kwenye kazi ya wote, na mwenye mkono mmoja anabeba maji ya kunywa na kazi yake inahesabiwa. Basi tupimeni kwa makundi. Mwenye nguvu atambeba asiye nazo. Watu walipiga vigelegele. Bwana wa Mamlaka aliandika kila neno, akatabasamu, na miezi sita baadaye ikawa sheria ya nchi nzima. Mikoa ambayo haijawahi kusikia pembe ilifungwa kwa kamba iliyosokotwa na Nakiete. Tangu hapo Mamlaka haikuhitaji askari. Ndugu aliyezidi kilo mbili alichungwa sahani na ndugu zake.

Alikumbuka pia chungu cha mama yake. Insulini ilikuwa ikiwekwa chunguni, kwenye mchanga mbichi, chini ya kitanda, kwa sababu friji ya zahanati iliharibika na mkubwa mmoja akasema nyingine inakuja wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua miaka mitatu. Kulikuwa na mwanakamati aliyesema mama asubiri, kuna wagonjwa wa haraka zaidi. Nakiete bado alilijua jina lake, na rangi ya koti lake.

Alichukua chupa ya pili kutoka kwenye mfuko, akaitundika mwenyewe kwenye bomba la kujivutia juu, palepale ambapo kila asubuhi watu walihesabu mivuto.

“Nanzighe, fungua.”

Elinami akageuka, akatembea mpaka kona ya ukuta, akasimama huko. Baadaye akarudi akashika mkono wa Kiangi usitikisike.

*

Gari la Mizani liliingia saa nne kasoro dakika tano. Makundi mengine yalikuwa yameshapanga foleni nje, la Ishirini, la Ishirini na Moja, mpaka la Thelathini, watu wamevaa nguo nyepesi kuliko zote walizonazo, wengine hawajanywa hata maji tangu jana. Afisa alikuwa kijana mpole, Lukindo, aliyepiga pasi mpaka kamba za beji.

Kiangi aliingia kwenye kizimba cha kupimia akishikwa makwapa, chupa ya tatu, iliyokaribia kuisha, imeinuliwa juu na mkewe. Lukindo aliitazama chupa, akatazama kompyuta yake, akachagua kutazama kompyuta.

Kundi lilipimwa nguvu pia, kwa kuvuta mnyororo, na Nakiete alivuta kwa ajili ya watu watatu, akaona nyota. Nguvu wakafaulu. Uzito, taa ikawaka nyekundu.

“Kumi na tisa,” alisema Lukindo. “Pole sana, mama. Mmekosa mbili.” Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, na kwa hakika aliona anawatendea wema. “Lakini kabla sijafunga, wewe mshika zamu, kiongozi wa kundi, unaruhusiwa kumtoa mwanakundi mmoja. Mkibaki sita, mnadaiwa kumi na nane. Kwa hiyo mtakuwa mmefaulu. Ni kidole chako tu hapa.”

“Nimtoe nani?”

“Mfumo unapendekeza.” Akageuza kioo. Jina lilikuwa limeshaandikwa: MBWAMBO, punguzo sifuri.

“Akitoka anapata nini?”

“Anaomba upya msimu ujao.”

“Nimekuuliza anapata mrija upi, mwanangu.”

“Hapati, mama.”

“Nitoe mimi. Nimepunguza moja, bila mimi ni kumi na nane. Inatosha.”

Kijana akabonyeza. “Uzito unatosha. Nguvu zinaanguka. Wewe ndiye unayewavuta.”

Basi hata hilo walikuwa wameliziba. Nakiete alitazama mikono yake. Miaka kumi na miwili aliijenga hiyo misuli, akidhani anajenga mlango wa kutokea.

Mzee Mbwambo alikuwa amesikia. Alikuja akivuta miguu, viatu bado mkononi. “Weka kidole, binti. Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Huyu kijana amejiua nusu kwa ajili yangu bila kuniuliza. Sasa nami nimeulizwa, najibu.”

“Hujaulizwa, mzee.”

“Basi uliza.”

Hakuuliza. Kidole chake kilikuwa kimeshanyanyuka, na hili aliona lazima alikumbuke maisha yake yote: kilinyanyuka chenyewe, kikasafiri nusu ya njia kuelekea kioo. Watu sita kwa mmoja. Mzee mwenyewe amekubali. Mfumo umependekeza. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri mpaka ilibaki kazi ndogo kama ya kuua mbu.

Akakirudisha kidole. “Mkataba wetu unao?”

“Upo humu.”

“Kifungu cha kumi na mbili. Nisomee.”

Lukindo akatafuta, akasoma kama mwanafunzi: “Makundi yatapimwa kwa kuheshimu mila ya msaragambo kama ilivyoelezwa na wananchi wenyewe.” Kilikuwa pambo. Waliliweka kwa ajili ya picha.

“Mila yenyewe unaijua?”

“Si kufanya kazi pamoja, mama?”

Nakiete alimwacha amesimama. Aliingia ghalani. Pembe ilikuwa juu ya mlango, pembe ya tandala iliyopinda mara mbili, imejaa vumbi na utando wa buibui. Aliipiga kwenye goti vumbi litoke, akatoka nayo uwanjani, akaweka mdomo.

Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Mara ya pili ikalia.

Foleni nzima iligeuka. Mila ni hii, na kila aliyezaliwa pale anaijua kabla hajajua kusoma: pembe ikilia, hakuna anayefanya shughuli yake binafsi mpaka aliyeipiga aseme kazi imekwisha. Hufungi duka. Humalizi tuta. Unaacha jembe lilipo unakuja. Anayekaidi hazikwi na watu. Na kwa kifungu cha kumi na mbili, Mamlaka yenyewe ilikuwa imesaini kuiheshimu mila hiyo.

“Kazi gani?” aliuliza mwanamke mmoja, mshika zamu wa Kundi la Ishirini, ambaye kidole chake kilikuwa kimebakiza hatua tatu kufika kwenye kioo. “Nakiete, leo? Kazi gani?”

“Kukaa chini,” alisema Nakiete. “Kazi ni kukaa chini. Hakuna anayepanda pale mpaka watu wapimwe kwa ugonjwa wao na si kwa kilo za wenzao. Mimi ndiye niliyewafunga pamoja. Mnakumbuka, mlinipigia vigelegele. Leo nawapigia pembe.”

“Mrija wangu una siku nne,” mwanamke alisema.

“Wa kwangu pia.”

“Siku nne, Nakiete. Nina watoto.”

“Najua.”

“Na wasipokuja kutusikiliza?”

Nakiete aligeuza kichwa. Nyuma yake chupa ya tatu ilikuwa inaisha na Nanzighe alikuwa anang’oa kizibo cha ya nne kwa meno. Kiangi alikuwa amefumbua macho, anasoma ubao ukutani, midomo yake ikihesabu.

“Sijui,” alisema.

Lukindo alisimama mlangoni mwa gari, kompyuta ameibana kifuani. Foleni ilikuwa na watu themanini na kitu. Yeyote kati yao angeweza kupiga hatua moja mbele na yote yangekwisha, na asingekuwa mtu mbaya. Angekuwa mtu mwenye siku nne.

Mzee Mbwambo akaviweka viatu vyake chini, kimoja kando ya kingine, akakaa juu ya vumbi mbele ya ngazi ya gari. Mifupa yake ilisikika. Akamtazama mwanamke wa Kundi la Ishirini, akampisha nafasi, kidogo tu, kama anavyofanya mtu kwenye benchi la kanisani.

Mwanamke yule alivitazama vidole vyake. Akakaa.